Mwaka wa Farasi wa Moto si sababu ya kuacha vidonge vya presha

"Shikamoo Daktari. Nina miaka 48, nilizaliwa tarehe 2 Februari 1978. Nauza vitambaa Kariakoo na nasafiri kwenda Guangzhou mara mbili au tatu kwa mwaka. Nina presha tangu 2019, natumia amlodipine na losartan. Safari hii rafiki wa Kichina ninayenunua mzigo kwake alinipeleka kwenye duka la dawa za asili. Mzee wa pale aliniuliza mwaka niliozaliwa, akasema mimi ni Farasi, na kwa kuwa mwaka huu ni wa Farasi wa Moto, ni mwaka wangu wa balaa: moto juu ya moto, na moto hushambulia moyo. Akasema vidonge vya hospitali vinaongeza moto, nivipunguze polepole, nivae mkanda mwekundu, na ninywe dawa ya kuchemsha mwaka mzima. Kwenye pakiti pameandikwa huanglian, xiakucao, gouteng na gancao. Nimekunywa wiki tatu. Losartan nimeacha, amlodipine nakunywa siku moja naruka moja. Tumbo linaniendesha, jioni miguu inavimba, na juzi nilipimwa 162 kwa 98, wakati siku zote huwa 130 na kitu. Je, ni mwaka umeanza kunishika? Na nikitaka kuifuata tiba ya Kichina kwa usahihi, nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijafika kwenye Farasi na moto wake, kuna mambo mawili yasiyoweza kusubiri. La kwanza, acha kunywa dawa hiyo ya kuchemsha kuanzia leo, lakini pakiti usiitupe, kwa sababu utahitaji kumwonyesha daktari. La pili, rudi kunywa amlodipine kila siku kama ulivyoandikiwa, na kesho asubuhi nenda kwa daktari anayekutibu presha umweleze yote uliyonieleza mimi, pamoja na kuharisha na kuvimba miguu. Losartan nayo itarudi, ila ningependa airudishe yeye baada ya kukupima damu, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi kupitia figo, na mtu ambaye tumbo limekuwa likimwendesha huenda amepungukiwa maji na chumvi za mwili. Iwapo kabla ya hapo utapata maumivu ya kifua, pumzi kukata, kichwa kuuma kwa namna ambayo hakijawahi kukuuma, macho kuona ukungu, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, usisubiri kukuche. Mwambie mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo. Mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika tano upime tena, na ikibaki hapohapo nenda hata kama hujisikii vibaya.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Hapana, si mwaka uliokushika. Nilisomea tiba ya Kichina mjini Nanjing na ninaitumia hadi leo, kwa hiyo sisemi hivi kwa kuidharau. Nasema kwa sababu ulichoambiwa pale dukani hakikubaliani hata na tiba hiyo yenyewe, na ni haki yako kuelewa ni kwa nini.

Kalenda ya Kichina huhesabu miaka kwa kuunganisha orodha mbili: mashina 10 ya mbinguni na matawi 12 ya ardhini. Wanyama tunaowasikia, kuanzia Panya hadi Nguruwe, ni wa matawi hayo, na kila shina lina asili moja kati ya tano, yaani Mti, Moto, Udongo, Madini na Maji. Orodha hizo zikizungushwa pamoja, jozi ileile hurudi baada ya miaka 60. Mwaka ulioanza tarehe 17 Februari 2026 una shina la bing, ambalo ni Moto, na tawi la wu, ambalo ni la Farasi na nalo huhesabiwa kuwa la Moto. Mara ya mwisho jozi hiyo ilionekana mwaka 1966. Hapo mzee hakukosea. Alikosea kwako wewe. Mwaka wa Kichina hauanzi tarehe 1 Januari, na ule wa 1978 ulianza tarehe 7 Februari, siku tano baada ya wewe kuzaliwa. Wapo wanajimu wanaouanza mwaka siku ya Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, ambayo huangukia tarehe 4 Februari au karibu na hapo, na hata kwa hesabu yao ulikuwa umetangulia. Wewe ni Nyoka. Mwaka wa mnyama wako, ambao Wachina huuita benmingnian na kuuona kuwa wa kuchukuliwa kwa tahadhari, ulianza tarehe 29 Januari 2025 na kwisha tarehe 16 Februari 2026. Umeshapita, na kwa maneno yako mwenyewe, presha yako siku zote hizo ilikuwa 130 na kitu.

Sikuelezi hayo ili uanze kumwogopa Nyoka badala ya Farasi. Nataka uone kwamba mtu aliyekupa dawa ya miezi 12 kwa kutegemea kuzaliwa kwako hakukuuliza hata tarehe.

Hofu ya benmingnian imetokana na imani ya Tai Sui, mlinzi wa mwaka. Asili yake ni anga: watu wa kale waliona sayari ya Mshtarii inaizunguka mbingu kwa takriban miaka 12, wakaigawa njia yake vituo 12, na baadaye kila mmoja wa miaka 60 ukapewa jemadari wake. Katika hekalu la Baiyun mjini Beijing kuna ukumbi wenye sanamu za majemadari wote 60. Mkanda mwekundu na soksi nyekundu ni sehemu ya desturi hizo. Ni mambo ya dini na mila, nami nayaheshimu. Mkanda hautakudhuru, uuvae au uuache kwa kadiri imani yako inavyokuelekeza.

Ndani ya tiba yenyewe ipo elimu inayozungumzia nguvu za mwaka, inayoitwa wuyun liuqi, yaani mizunguko mitano na hewa sita. Imeelezwa katika sura kadhaa za Suwen, sehemu ya kwanza ya kitabu cha kale cha Huangdi Neijing, na wataalamu wengi wanaamini kuwa sura hizo ziliingizwa na Wang Bing, aliyemaliza kukihariri kitabu hicho mwaka 762. Katika elimu hiyo mashina hayasomwi kama wanajimu wanavyoyasoma. Shina la bing, ambalo kwa mnajimu ni Moto, kwa tabibu huongoza mzunguko wa Maji, tena Maji yaliyozidi, ambayo tabia yake ni baridi. Moto unaletwa na tawi la wu na hutawala zaidi nusu ya kwanza ya mwaka, kisha ukavu wa Madini hushika nusu ya pili. Kwa hiyo tabibu anayefuata vitabu vyake hawezi kusema "moto juu ya moto" akaishia hapo. Mbele yake kuna baridi, moto na ukavu katika mwaka mmoja, na hakuna anachokipata humo cha kumruhusu kumnywesha mtu dawa za kupoza kuanzia Machi hadi Februari.

Tena hesabu hizo zilitungwa kwa ajili ya watu wa bonde la Mto Manjano, ambako Januari ni baridi kali na Julai ni joto kali. Kwako Dar es Salaam Januari ndipo joto linapochoma, na Julai ni kipupwe. Waandishi wa Suwen walilijua tatizo la aina hii: sura ya 12 yote inaeleza kwamba watu wa pande tofauti hula tofauti, huugua tofauti na hutibiwa tofauti, ndiyo maana dawa za kunywa zinahusishwa na magharibi, kuchoma mwili kwa majani makavu ya mmea wa ai na kaskazini, na sindano na kusini.

Mwalimu wangu kule Nanjing alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na asubuhi za kliniki nilikaa pembeni yake nikiandika. Mgonjwa alipokaa, aliulaza mkono wake juu ya kimto kidogo, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo, akabonyeza kwanza juujuu, kisha zaidi, kisha karibu kufikia mfupa, macho yake yakiwa yamefumba nusu. Halafu mkono wa pili. Alimwomba atoe ulimi, akatazama rangi yake, utando wake, na alama za meno pembezoni. Ndipo yakafuata maswali ambayo kila mwanafunzi wa tiba hii huyakariri: unahisi baridi au joto, unatoka jasho lini, kichwa na mwili vikoje, choo na mkojo, chakula, kifua, masikio, kiu, maradhi ya zamani, na chanzo cha haya ya sasa. Miaka yote niliyokaa naye sikumsikia akimuuliza mgonjwa ni mnyama gani. Na kando ya kile kimto palikuwa na mashine ya presha, ambayo kila mtu mzima aliyeketi pale alipimwa nayo.

Msingi wa tiba hii ni huo: hutibiwa mtu jinsi alivyo siku hiyo. Watu wawili waliozaliwa siku moja, wenye presha ileile, wanaweza kuondoka na dawa zinazopingana, kwa sababu mmoja ana kiu na choo kigumu, na mwingine ana miguu ya baridi na anaamka kukojoa usiku mara tatu.

Neno "moto" nalo linahitaji kufafanuliwa, na nadhani mtu wa pwani ataelewa upesi, kwa sababu nasi tumekua tukiambiwa kuwa tangawizi na pilipili manga ni vya moto na dafu ni la baridi. Wachina husema shanghuo, moto kupanda, wakimaanisha vidonda mdomoni, koo kukauka, choo kigumu, usingizi kukatika, uso kuwaka. Ni lugha ya kuzipanga dalili, na ndani ya mipaka yake ina manufaa. Shida ni kwamba presha mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu hulala vizuri, ulimi wake umepauka, hana kiu, na mashine inasoma 170. Kwa hiyo "moto" na presha ni vitu viwili, hata kama wakati mwingine hukutana kwa mtu mmoja, na hapo ndipo maneno kwamba vidonge vinaongeza moto yanapokosa maana. Amlodipine hulegeza misuli iliyomo kwenye kuta za mishipa ya damu, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu. Losartan huizuia homoni ya angiotensini isiikaze mishipa hiyo wala kuzifanya figo zing'ang'anie chumvi. Ukiviacha, mishipa hukaza tena na chumvi hubaki tena, uwe Nyoka, Farasi au Mbuzi.

Tuifungue basi pakiti yako. Gouteng ni vipande vya vijiti vyenye ndoano, na xiakucao ni masuke ya maua yaliyokauka. Matabibu huvitumia kweli kwa watu wenye presha pamoja na kichwa kuuma na hasira za haraka. Sina ugomvi navyo, isipokuwa haviwezi kushika nafasi ya vidonge. Huanglian ni mzizi mwembamba, ndani wa manjano, mchungu kiasi kwamba Wachina wana msemo wa bubu aliyekula huanglian, kwa mtu mwenye machungu asiyoweza kuyasema. Huhesabiwa kuwa baridi sana, na walimu wetu walitukataza kuutumia muda mrefu kwa mtu asiye na joto la kweli, kwa kuwa hulidhoofisha tumbo. Kuharisha kwako naelekea kuamini kunatoka hapo.

Kwa upande wa presha na miguu, ninachokishuku zaidi ni gancao. Huu ni mzizi mtamu unaowekwa katika michanganyiko mingi mno ya Kichina ili kuzipatanisha dawa nyingine, na kwa kipimo kidogo cha siku chache huwa hausumbui wengi. Wiki tatu kwa mgonjwa wa presha ni jambo jingine. Figoni kuna vipokezi vya homoni iitwayo aldosteroni, inayoziamuru figo zibakishe chumvi na kuitoa potasiamu. Homoni nyingine, kotisoli, ambayo mwilini ni nyingi zaidi, ingeweza kuvishika vipokezi hivyohivyo, lakini figo zina kimeng'enya kinachoigeuza kabla haijavifikia. Gancao ina glisirizini, na glisirizini hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Kotisoli ikapata nafasi, figo zikabakisha chumvi na maji, potasiamu ikapotea kwenye mkojo. Presha hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea au kukakamaa, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Kuharisha nako huipoteza potasiamu hiyohiyo. Ndiyo sababu nataka damu yako ipimwe potasiamu na kreatinini, ambayo huonyesha figo zinavyofanya kazi, na ukihisi moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, ufanyiwe na kipimo cha umeme wa moyo. Ukilitazama jambo hili kwa utaratibu, kwa wiki tatu umepunguza dawa mbili zinazoshusha presha na kuongeza kitu kinachoipandisha. Hayo mawili yanatosha kuieleza 162 kwa 98. Kwa kawaida athari ya gancao huisha ndani ya siku au wiki chache baada ya kuiacha.

Kuna dawa nyingine iliyoingia mwilini mwako bila kuandikwa kwenye pakiti, nayo ni hofu. Mwaka 1993 watafiti wa California walitangaza kwamba Wachina wa Marekani waliougua ugonjwa uliohusishwa na asili ya mwaka wao wa kuzaliwa walikufa mapema kuliko wenzao. Mwaka 2006 mchambuzi mwingine alilipima dai hilo kwa takwimu nyingine na hakuyapata matokeo hayo. Kwa hiyo sitakwambia kuwa hofu inaua. Ninachojua kutoka kliniki ni kwamba mtu aliyeambiwa moyo wake utashambuliwa hulala vibaya, hupima presha mara kumi kwa siku, na kila kipimo humtia wasiwasi unaokipandisha kinachofuata. Mwaka wa Farasi wa Moto uliopita una mfano wake mkubwa. Huko Japani iliaminika kuwa mwanamke aliyezaliwa katika mwaka huo humletea mumewe kifo, na watu wakaepuka kuzaa: watoto waliozaliwa walishuka kutoka takriban milioni 1.82 mwaka 1965 hadi milioni 1.36 mwaka 1966, kisha idadi ikapanda tena mwaka uliofuata. Mwaka wenyewe haukuwafanya chochote. Imani juu ya mwaka ndiyo iliyobadilisha maisha ya familia nyingi.

Umeuliza pia namna ya kuifuata tiba hii kwa usahihi, na swali hilo linanifurahisha, kwa sababu ina mazuri yake. Tiba ya sindano huwasaidia watu wengi wenye maumivu sugu ya mgongo na magoti, na kichefuchefu cha dawa za saratani. Taijiquan, yale mazoezi ya taratibu ambayo bila shaka umewaona wazee wakiyafanya asubuhi katika bustani za Guangzhou, hupunguza kuanguka kwa wazee na hushusha presha kidogo. Kwa mtu anayekaa dukani siku nzima kama wewe ningeyaweka mbele ya pakiti yoyote. Na dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria imetokana na mmea wa qinghao, ambao Tu Youyou aliufikia akisoma maandiko ya tabibu wa karne ya 4, akatunukiwa Nobeli mwaka 2015. Lakini aliipima, akatenga kilichomo, akajua kipimo kinachotibu.

Mahali pa kuwa na hofu ya kweli ni kwenye mitishamba isiyojulikana ndani yake nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza unene kwenye kliniki moja ya Brussels waliharibikiwa figo baada ya mmea wenye asidi ya aristolokia kuingizwa badala ya mwingine katika dawa yao, na baadhi yao wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliupiga marufuku mmea wa jamii hiyo, guan mutong, mwaka 2003. Kabla ya hapo ulikuwa ukitiwa katika vidonge maarufu vya kuondoa "moto wa ini". Mtishamba mwingine, mahuang, hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mzizi wa danshen huzidisha nguvu za warfarin, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu akatokwa damu. Mwenye presha, ugonjwa wa figo, au mimba hapaswi kununua vitu hivi kwa kuelezwa tu kaunta.

Ukirudi Guangzhou, presha ikiwa imetulia, nenda kwenye hospitali ya umma ya tiba ya Kichina badala ya duka. Zipo kubwa, zina maabara, na madaktari wake huandika mitishamba na vidonge vya kawaida pamoja. Nenda na mkalimani unayemwamini, chukua orodha ya dawa zako, na umwambie daktari mapema kuwa hutaki gancao wala mahuang. Akikwambia uache vidonge bila kukupima, inuka. Hapa nyumbani, kabla hujamlipa mtu, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, naye asione vibaya kukuonyesha cheti chake.

Kwa sasa nunua daftari dogo. Kwa siku saba pima presha asubuhi kabla ya vidonge na jioni kabla ya kula, ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, andika zote mbili, na usipime tena hadi zamu nyingine. Chumvi na samaki wa ng'onda vipumzishe. Daftari hilo, ile pakiti, na majibu ya potasiamu na kreatinini vipeleke utakapomrudia daktari wako juma lijalo, na kama atakubadilishia kipimo cha losartan, niandikie uniambie amekupa kiasi gani.